Kima ya soya kwa sambusa

Sambusa zangu za kwanza zisizo na nyama, hapa jikoni kwangu Arua, Uganda, zilikuwa za uyoga. Ule uyoga unaooteshwa kwenye makapi ya mbegu za pamba, ukiuchana nyuzi nyuzi na kuukaanga kwa vitunguu na bizari, hutafunika kama nyama kabisa. Waliokula walifurahi. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni lishe, sikufurahi. Gramu 100 za uyoga mbichi zina protini gramu 3 hivi, na nyama ya ng'ombe mbichi ina kama 20. Fenesi changa, linalosifiwa sana siku hizi, halifiki hata hapo kwa uyoga. Ukimwondolea mtoto nyama ukampa fenesi, umemnyima chakula.

Ndiyo maana nikahamia soya. Gramu 100 za soya kavu zina protini kama gramu 36, na mbegu za Maksoy, zilizozalishwa Chuo Kikuu cha Makerere, zinastawi Uganda.

Wengi huikimbia soya kwa ile harufu ya ubichi. Harufu hiyo hutokea punje mbichi inaposagwa: kimeng'enya kilichomo hukutana na mafuta yake. Basi usiisage mbichi. Iloweke usiku kucha, mwaga maji, itumbukize kwenye maji yanayochemka, uipike mpaka ilainike, ndipo uitwange. Moto huo pia huua kizuizi kinachozuia tumbo kumeng'enya protini, kwa hiyo soya isiyoiva vizuri ni hasara mara mbili. Twanga iwe chengachenga, isiwe uji. Ikaange mpaka maji yakauke, la sivyo manda zitalowa na kupasuka kwenye mafuta. Mwishoni ninatia simsim, yaani ufuta, iliyokaangwa na kusagwa. Inaleta unono ambao soya haina, tena ina methionini kwa wingi, kijenzi cha protini ambacho soya inacho kidogo.

Kuna jambo linaloniumiza. Soya ina madini mengi ya chuma, lakini ina pia fitati, inayoyashika yasiingie mwilini. Vitamini C huyafungua. Kamulia limau, kula na kachumbari mbichi. Na sisi sambusa tunaila na nini? Na chai! Chai huyafunga madini hayohayo. Kwa mama mjamzito, au binti anayepoteza damu kila mwezi, hilo si dogo. Kunywa maji ya pasheni na sambusa, chai isubiri saa moja au mbili.

Vitamini B12 soya haina, wala uyoga usiutegemee kwa hilo. Kama nyumbani mnakula mayai, maziwa au mukene, yaani dagaa, mtaipata humo. Asiyegusa hata vyakula hivyo anahitaji vidonge vya B12, aongee na mhudumu wa afya mapema, hasa akiwa na mimba au ananyonyesha.