Bakteria wa Mto Themi hawatusafishii maji

"Mto unajisafisha. Bakteria wameshazoea uchafu wetu, wanautafuna." Hoja hii naisikia kwa wanaolima mchicha kandokando ya Themi, mto unaopita Arusha, kwa wanafunzi wanaoleta sampuli maabara, na safari hii nimeisikia kikaoni kwa watu wenye madaraka. Inanikera kwa sababu nusu yake ni kweli.

Hiyo nusu niipitie haraka. Kinyesi, mabaki ya chakula, maji yanayotoka kwenye mitambo ya kumenyea kahawa huko Moshi, vyote huliwa na bakteria. Lakini kula huko kunamaliza oksijeni ya majini. Ikiisha, wanashika zamu bakteria wanaotumia naitreti badala ya oksijeni, kisha wanaotumia salfeti, na hao wa mwisho ndio wanaoleta harufu ya mayai viza. Ukiisikia harufu hiyo, samaki wa hapo wameshahama au wamekufa.

Sasa metali. Shaba, zinki na zebaki ni elementi, yaani vitu visivyovunjika kuwa vingine. Hakuna kiumbe kinachoweza kuzila zikaisha. Bakteria anayestahimili shaba ana pampu kwenye utando wa seli: shaba ikiingia, anaisukuma nje. Nje ni wapi? Ni kwenye maji yale yale unayomwagilia. Kwa zebaki, baadhi yao huigeuza mvuke ikapaa hewani. Wengine, wanaoishi kwenye tope lisilo na oksijeni, huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hulimbikizana mwilini mwa samaki. Ni sumu ile ile iliyolemaza watu wa Minamata, Japani, maradhi yaliyotambuliwa mwaka 1956, ingawa kule kiwanda ndicho kilichoimwaga ikiwa tayari.

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tuna mfano wa karibu zaidi, floraidi, ambayo haikuletwa na kiwanda bali inatoka kwenye miamba ya volkano. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walieleza jeni ambazo bakteria wengi wanazo za kuihisi floraidi na kuitoa nje ya seli. Wanaishi humo bila shida, na mtoto anayekunywa maji hayo meno yanageuka kahawia. Ndiyo maana kituo cha Ngurdoto, cha utafiti wa kuondoa floraidi majini, kikashughulika na mkaa wa mifupa, unaoinasa floraidi yenyewe.

Linaloniudhi kuliko yote ni hilo la kuzoea. Bakteria mwenye jeni ya pampu anaweza kuiwasha sumu inapoingia, hilo nalikubali. Asiye nayo anakufa, na nafasi yake inachukuliwa na uzao wa mwenye nayo. Wanasayansi Luria na Delbrück walionyesha mwaka 1943, kwa bakteria na virusi vinavyowashambulia, kwamba mabadiliko ya jeni hutokea kwa bahati kabla adui hajafika. Zaidi ya hapo, bakteria hupeana jeni kwa plasmidi, vipande vidogo vya DNA vinavyohama kutoka seli hadi seli, hata wasio ndugu. Na plasmidi haibebi jeni moja. Pampu ya metali mara nyingi imepakana na usugu wa antibiotiki. Jeni ya kustahimili dawa za kusafishia sakafu huonekana mara kwa mara bega kwa bega na sul1, jeni ya usugu dhidi ya salfa, ile iliyomo kwenye septrini. Kwa hiyo zinki inaweza kuneemesha bakteria sugu kwa dawa ambayo haijawahi kumwagwa mtoni.

Kwenye sahani ya maabara ya kuoteshea bakteria naliona hilo kwa macho. Naweka kikaratasi chenye septrini juu ya bakteria wa maji. Walio dhaifu huacha duara safi kukizunguka. Walio sugu wanaota mpaka kwenye ukingo wa karatasi.

Lakini sahani hainiambii kama usugu huo ulishinda mtoni au ulitoka tayari tumboni mwa mtu aliyetumia dawa wiki iliyopita. Tena wengi wa walioko majini hawaoti kabisa kwenye sahani zetu. Anayesoma majibu ya maabara kama orodha kamili ya wakazi wa mto anajidanganya.

Kwa wanaolima: mwagilieni kwenye shina, msirushie majani, na muache siku kadhaa kabla ya kuvuna ili jua na ukavu viwapunguze bakteria wa kinyesi. Maji ya kunywa yachemsheni, mkijua kwamba floraidi na metali zinabaki, tena zinakolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Metali zinazuiliwa kwenye bomba la maji taka, kabla hazijafika mtoni.