Rakimani anapocheza mbele: si kila mrefu aliye karibu na nguzo

"Kocha kamweka rakimani mbele." Waswahili wenzangu wanaofuatilia mpira wa Australia wanaisema hii karibu kila wiki ya msimu, na mara nyingi wanaisema pasipostahili. Anaonekana mchezaji mwenye mita mbili karibu na nguzo za goli, basi keshakuwa rakimani aliyepandishwa mbele. Akifunga, kocha ni fundi. Asipofunga, kocha kachanganyikiwa. Hakuna anayeuliza huyo mrefu ameajiriwa kufanya kazi gani.

Maana yenyewe haina shida, niipitie haraka. Mpira huu unachezwa na watu 18 kila upande, katika uwanja wenye umbo la yai, urefu wake kati ya mita 135 na 185. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne: mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya zile mbili za katikati ni pointi 6, ukipita pembeni ni pointi 1. Mchezo unapoanza, na kila mpira unapokwama au kutoka nje katika hali zinazotaka mwamuzi aurudishe, mwamuzi huurudisha hewani na mrefu mmoja wa kila timu huruka kuugonga kuelekea kwa viungo wake. Pambano hilo ndilo raki. Anayeliruka kwa kazi ya kudumu ni rakimani. Kumtumia rakimani mbele ni kumtoa kwenye kazi hiyo kwa muda na kumweka katika safu ya ushambuliaji, huku mwingine akiruka badala yake. Basi.

Tatizo linaanza pale sisi tuliolelewa na soka tunapodhani hii ni ile habari ya beki mrefu kupandishwa dakika za lala salama timu inapotafuta goli la kusawazisha. Sivyo. Beki yule anapandishwa kwa sababu timu imeishiwa mbinu. Rakimani anaenda mbele dakika ya kumi ya robo ya kwanza, timu ikiwa inaongoza, na sababu ya mwanzo kabisa ya kwenda huko ilikuwa miguu yake.

Turudi nyuma kidogo. Ligi kuu ya jimbo la Victoria, ambayo baadaye ilikuja kuwa AFL, yaani ligi kuu ya Australia nzima, haikuruhusu mchezaji kutoka na kurudi uwanjani mpaka mwaka 1978. Kabla ya hapo kulikuwa na wachezaji wa akiba, lakini aliyetoka ndiyo katoka. Sasa fikiria rakimani wa enzi hizo: anaufuata mpira uwanja mzima, anaruka, anagongwa mbavu na mwenzake mwenye kilo mia, anaanguka, anainuka, anakimbilia raki nyingine. Hana benchi la kupumzikia. Kwa hiyo timu zilikuwa na marakimani wawili wanaopokezana, na yule ambaye si zamu yake alifichwa kwenye pembe, ama pembe ya nyuma akilinda, ama pembe ya mbele karibu na nguzo za wapinzani. Waliitwa marakimani wanaopumzika, na jina hilo lilikuwa la haki kabisa. Pembe ya mbele ilipendwa kwa sababu inayoeleweka: kosa la mtu aliyechoka huko halikugharimu goli la papo hapo, na ukipata bahati mpira ukamwangukia, urefu wake tayari ni hatari.

Hata zama hizo, jina lilitumika ovyo. Mfano ninaoupenda ni fainali ya mwaka 1972, Carlton dhidi ya Richmond. John Nicholls alikuwa rakimani mkubwa kuliko wote wa klabu yake, na siku hiyo alikuwa nahodha na kocha kwa pamoja. Akajipanga mwenyewe pembe ya mbele, raki akaibeba Percy Jones, naye Nicholls akafunga magoli 6. Carlton ilishinda pointi 177 kwa 150. Ukisema Nicholls alikuwa anapumzika pale, utakuwa unaitukana fainali. Ule ulikuwa mpango wa vita, na aliyeupanga ndiye aliyeutekeleza.

Kwa hiyo tangu zamani kulikuwa na mambo mawili chini ya jina moja: rakimani anayevuta pumzi mbele, na rakimani anayetumwa mbele kwa makusudi. Leo limeongezeka la tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi likichanganywa na mengine. Ni mshambuliaji halisi, aliyesajiliwa kuwa mshambuliaji, ambaye kwa dakika kadhaa kila robo anaenda kumpokea rakimani. Huyu hajapelekwa mbele na mtu yeyote. Mbele ni kwao. Alikopeshwa raki, kisha amerudi nyumbani.

Mchukue Mason Cox. Mmarekani, sentimita 211, alicheza mpira wa kikapu chuoni kwao kabla ya kuvuka bahari. Katika nusu fainali ya mwaka 2018, Collingwood dhidi ya Richmond, alidaka kila kitu kilichopita juu na kufunga magoli matatu katika robo ya pili peke yake. Niliwahi kusikia mchezo ule ukisimuliwa kwa Kiswahili kuwa "siku rakimani alipogeuzwa mshambuliaji". Jamani. Rakimani wa Collingwood siku ile alikuwa Brodie Grundy. Cox alikuwa mshambuliaji aliyekuwa akimpokea.

Au Mabior Chol, ambaye ana asili ya Sudan Kusini na hivyo hupendwa sana na watazamaji wa kwetu. Mwaka 2022 alifunga magoli 44 akiwa Gold Coast, na raki ilikuwa ya Jarrod Witts. Chol akiingia raki kwa dakika chache haimgeuzi rakimani. (Na tafadhali, Aliir Aliir, yule aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, ni mlinzi. Urefu pekee haumpi mtu namba.)

Utaniuliza, ina tofauti gani ikiwa wote wawili wanasimama palepale? Ina tofauti katika nani anaacha pengo gani. Mshambuliaji anapoenda raki, timu inapoteza mshambuliaji kwa muda na kupata mrukaji wa kiwango cha pili. Rakimani halisi anapoenda mbele, timu inabeba mtu ambaye hakuzoea kuongoza mbio za kuombea pasi, ambaye mpira ukidondoka chini huchelewa kugeuka, na ambaye mlinzi wake mwepesi anaweza kumwacha na kuanzisha shambulizi la kurudi. Makocha hawagombani kuhusu magoli ya rakimani. Wanagombana kuhusu hizo mita 60 ambazo mlinzi amezikimbia bila mtu mgongoni.

Grundy huyo huyo ndiye somo bora. Yeye na Max Gawn wa Melbourne waliingia wote wawili kwenye kikosi bora cha ligi mwaka 2018 na tena 2019, ingawa nafasi ya rakimani ni moja na mwenzake alitajwa kwenye akiba. Msimu wa 2023 Melbourne ikamleta Grundy acheze pamoja na Gawn. Hesabu ya karatasini ilivutia: marakimani wawili bora nchini, mmoja akiruka mwingine yuko mbele. Uwanjani haikukaa. Nafasi ya mbele ilidai ufundi ambao Grundy hakuwa ameujenga, ikafika mahali akarudishwa ligi ya chini kuunoa. Mwisho wa msimu akaenda Sydney, akapewa raki yake, na mwaka 2024 timu hiyo ikafika fainali kuu. Hakuwa ameshuka kiwango. Alikuwa amepewa kazi ya mtu mwingine.

Ila Gawn mwenyewe anatuletea utata, nakiri. Nusu fainali ya mwaka 2021, iliyochezwa Perth kwa sababu ya korona, alifunga magoli matano dhidi ya Geelong. Hapo msemo "rakimani mbele" unamstahili bila ubishi, kwa kuwa Melbourne ilikuwa na Luke Jackson, kijana aliyeweza kushika raki bila timu kuyumba. Gawn asingeweza kubaki karibu na nguzo kama huku nyuma raki ingekuwa inaungua. Watu walikumbuka magoli, wakamsahau Jackson. Na kuna Simon Madden wa Essendon, mechi 378, magoli 575, rakimani wa daraja la juu ambaye mabeki walimwogopa popote alipo. Watu wa namna hiyo ni wachache mno kuwa kanuni.

Swali jingine la haki ni kwa nini bado rakimani apumzike mbele wakati sasa benchi lipo na mchezaji anatoka na kurudi. Jibu liko kwenye idadi. Mabadiliko yaliwekewa kikomo cha 120 kwa mechi mwaka 2014, yakashushwa hadi 90 mwaka 2016, kisha 75 mwaka 2021. Viungo ndio wanaoyala hayo mabadiliko kama mchwa. Rakimani akibadilishana na mshambuliaji ndani ya uwanja, hakuna hata badiliko moja linalohesabiwa.

Kanuni nyingine zimeongeza utamu. Tangu 2017 mtu wa tatu haruhusiwi kuvamia raki, ni mmoja kwa mmoja, kwa hiyo mpira unaporudishwa mchezoni karibu na goli la wapinzani, yule mrefu aliyepo mbele huruka yeye na kumwokoa rakimani mkuu mbio za kutoka katikati. Tangu 2019 anayeudaka mpira moja kwa moja kutoka kwenye raki hahesabiwi kwamba alishapata nafasi ya kuutoa, hivyo anaweza kuudaka na kupiga goli papo hapo bila kuogopa sana kukabwa. Mwaka huohuo ikaja kanuni ya sita-sita-sita, kila timu iwe na watu sita kila theluthi ya uwanja mpira unapoanzia katikati. Rakimani aliye mbele ni mmoja wa hao sita. Lazima asimame ndani ya nusu duara ya mita 50, hawezi kuzurura.

Na kazi yake kubwa akiwa huko, hata asipogusa goli siku nzima, ni kuhakikisha mabeki warefu wa upande wa pili hawadaki mpira kwa raha. Akiwalazimisha kuupiga ngumi tu udondoke, wale wafungaji wafupi waliojaa miguuni pake watajua la kufanya.

Kwa hiyo ukimwona mrefu karibu na nguzo, usikimbilie kumpa cheo. Subiri mpira urudi katikati uone nani anauingia mduara wa katikati kuruka raki mara nyingi zaidi katika robo hiyo. Kama ni mwenzake, huyo wa mbele ni mshambuliaji, mwite hivyo. Kama ni yeye, na mwenzake amekuja kumpokea, haya, sema rakimani yuko mbele. Grundy wa Sydney ukimkuta huko, mpe sekunde chache. Huenda ameufuata mpira tu.