Kustaafisha zana kuukuu za kusaka hitilafu: maana yake nini?

Chukua fomu ya kuwekea nafasi katika nyumba ya wageni pale Shela, Lamu. Mgeni anabonyeza "Tuma", kimya. Fundi wa tovuti anataka kujua: ombi limetoka? Seva imejibu nini? JavaScript, yaani msimbo unaoendesha ukurasa, imekwama mstari upi? Zana za kusaka hitilafu ndizo zinazomwezesha kuyaona hayo ndani ya kivinjari.

Zamani fundi alipachika alert(), amri inayotoa kidirisha cha ujumbe, huku na kule, akabonyeza "OK" mpaka kidole kikachoka. Mwaka 2006 Joe Hewitt akatoa Firebug, kiendelezi (programu ya nyongeza) cha kivinjari cha Firefox kilichoweka konsoli (dirisha la ujumbe na makosa ya msimbo), muundo wa ukurasa na maombi ya mtandao mahali pamoja. Waliokwama na Internet Explorer wakapewa Firebug Lite, skripti inayopachikwa ndani ya ukurasa wenyewe, na fremuweki (msimbo ulioandaliwa tayari wa kujengea tovuti) kama Dojo ikaibeba kwenye kifurushi chake.

Baadaye kila kivinjari kikubwa kikaja na zana zake. Firefox 57, Novemba 2017, ikakataa viendelezi vya mtindo wa zamani, na Firebug ikaishia hapo. Fremuweki zilizokuwa na visanduku vyao vya kusaka hitilafu, vya kuelea juu ya ukurasa, zikabaki na mzigo: kisanduku kinapakuliwa kwa bando la mgeni, mitindo yake inagongana na ya tovuti, na kikisahaulika wazi kwenye tovuti hai kinamwonyesha mpita njia yasiyomhusu.

Kukistaafisha kisanduku hicho si kufuta faili tu. Programu za watu zimejaa mistari inayoita fanksheni yake, yaani amri ya kukipelekea ujumbe. Ukiifuta ghafla, zote zinaanguka. Kwa hiyo jina la zamani huachwa, lakini ndani yake ujumbe huelekezwa kwenye konsoli ya kivinjari pamoja na onyo kwamba fanksheni hiyo inaondoka. Katika toleo kubwa linalofuata ndipo hung'olewa kabisa. Kazi yenyewe ni ndogo; subira ndiyo inayowashinda wengi.

Wapo wanaouliza: na kwenye simu, ambako hakuna F12, kitufe cha kufungulia zana za kivinjari? Android huunganishwa kwa kebo ya USB, ukafungua chrome://inspect kwenye kompyuta. Kwa iPhone, Safari inataka uwe na Mac, na si kila fundi wa Lamu anayo. Hapo paneli ya ndani ya ukurasa, mfano Eruda, bado ina kazi, mradi ipakiwe pale tu unapoihitaji.

Tena, si kila kinachochorwa juu ya ukurasa kimezeeka. Django Debug Toolbar, upau wa kusaka hitilafu wa fremuweki ya Django, huonyesha maswali ya SQL (lugha ya hifadhidata) yaliyoulizwa kwenye hifadhidata na muda yaliyochukua. Hayo hutokea kwenye seva, na zana za kivinjari haziyaoni. Mimi nisingeigusa, ila ningehakikisha imezimwa kabla tovuti haijaenda hewani.