Je, wajua kazi ya unga mweupe uliomo ndani ya hita ya gari?

Alfajiri za Julai mjini Tabora zina baridi, na ndipo madereva wa magari makuukuu ya dizeli wanapokumbuka hita plagi. Unafungua swichi, taa ya manjano yenye alama ya waya uliojikunja inawaka kwenye dashibodi, unasubiri izimike, kisha unapiga stata. Katika sekunde hizo, ndani ya kila silinda kuna kijiti cha chuma kinachopata moto mpaka ncha yake inakuwa nyekundu. Injini ya dizeli haina cheche. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa, na chuma kilicholala kwenye baridi usiku kucha hulinyonya joto hilo.

Siku moja fundi wa gereji alinikatia kijiti cha namna hiyo kwa msumeno nione kilichomo. Nilitarajia waya. Waya ulikuwepo, mwembamba, umejiviringisha kama springi, lakini umezikwa katika kitu cheupe kilichobomoka kama chaki na kuanguka juu ya meza. Mtu wa Kigoma angedhani ni unga wa muhogo. Fundi akakiparuza kwa bisibisi na kusema, "Waya hata mimi naweza kuukunja. Kazi iko hapa."

Nimelifikiria sana neno lile, na naamini alisema kweli. Hebu tazama tatizo lenyewe. Waya unaopitisha umeme umekaa ndani ya bomba la chuma, na kati yao kuna nafasi ya milimita moja au mbili tu. Ukigusa ubavu wa bomba, umeme unakatisha njia: ni shoti. Basi uzibwe kwa mpira au plastiki? Vitayeyuka au kuungua. Uachiwe hewa? Hewa inazuia umeme, lakini inazuia na joto pia; waya utaungua wenyewe kabla bomba halijapata moto. Kinachotakiwa ni kitu cha kuunyima umeme njia na kulipatia joto njia, vyote kwa wakati mmoja.

Vitu vya namna hiyo ni adimu. Sufuria ya alumini inapitisha joto na umeme. Mwiko wa mti mkavu haupitishi vyote viwili. Katika chuma, elektroni zilizo huru ndizo zinazobeba umeme, na hizohizo hubeba sehemu kubwa ya joto. Fikiria behewa la treni ya Tabora kwenda Kigoma: abiria wanaotembea kwenye njia ya katikati wamebeba mizigo yao, hivyo watu na mizigo vinasonga pamoja. Unga ule ni behewa ambalo kila mtu amebanwa kwenye kiti chake. Hakuna anayetembea, kwa hiyo umeme haupiti. Lakini mzigo unaweza kupitishwa mkono kwa mkono, kiti kwa kiti, hadi mwisho wa behewa. Atomi zake ni nyepesi na zimeshikana kwa nguvu, hivyo moja ikitikisika kwa joto, jirani yake hutikisika papo hapo.

Jina lake ni oksidi ya magnesi, na huyeyuka kwenye nyuzi joto 2,850 hivi za Selsiasi. Waya wa hita nyingi ni mchanganyiko wa nikeli na kromi, uliopewa hataza nchini Marekani mwaka 1906 kwa jina la mvumbuzi wake, Albert Marsh, nao huyeyuka mapema zaidi, karibu nyuzi 1,400. Kwa hiyo waya utakufa kwanza, unga ukiwa bado mzima.

Ila unga uliomiminwa tu haufai, maana katikati ya chembe zake kuna hewa. Kiwandani bomba likishajazwa hubanwa kwa roli au hugongwa pande zote mpaka linakuwa jembamba, na unga unashindiliwa hadi kuwa kama jiwe. Wanaotaka kuboresha kinga ya umeme hawawezi kuongeza unene tu, kwa sababu kila nyongeza ya unene inachelewesha joto. Njia yao ni kushindilia zaidi na kutumia unga safi zaidi, kwani uchafu kama chuma hufungulia umeme njia, hasa hita ikiwa ya moto sana.

Adui mkubwa ni unyevu. Unga huu unavuta maji kutoka hewani, kama unga wa muhogo ulioachwa wazi wakati wa mvua. Ndugu yangu mmoja Kigoma aliweka stoo jagi la umeme, ambalo hita yake ina unga huohuo, toka Novemba hadi Aprili. Alipolichomeka, swichi kuu ikakata. Waya ulikuwa mzima kabisa. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye miisho ya hita na umeme ukavujia bombani. Hita ile ilifunguliwa, ikakaushwa taratibu kwenye oveni ya mkate, ikapona. Ndiyo maana miisho ya hita nzuri huzibwa kwa silikoni au kioo, na viwanda vingine huupaka unga wenyewe silikoni ili usinywe maji.

Kwenye gari la dizeli lenye volti 12, hita ikivujisha umeme utapoteza hita na fyuzi. Gari la umeme ni jambo jingine. Halina injini ya kulipatia joto la bure, kwa hiyo kupasha viti na kioo, na mara nyingi hata betri, kunategemea hita, na hita kubwa hulishwa na betri ya volti 400, mengine 800. Nyingi, badala ya waya, hutumia vigae vya bariamu titaneti, aina ya kauri, ambavyo vikipata moto kupita kiasi hujizuia vyenyewe. Hata hivyo lazima vitengwe na bodi ya gari. Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu usalama wa magari ya umeme, inataka ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia umeme usivuje, usiopungua ohmu 100 kwa kila volti ya mkondo mnyoofu, yaani ohmu 40,000 kwa volti 400. Nyaya za volti hizo kubwa ni za rangi ya chungwa, na asiyefundishwa asiziguse.

Testa ya kawaida hupima kwa volti chache za betri yake, na hita yenye unyevu kidogo inaweza kuonekana nzima. Mega, kifaa cha kupima kinga ya umeme, husukuma volti 500, ndipo uvujaji unapojitokeza. Fundi wangu wa Tabora ameshanunua ya kwake, na kwa sasa anaitumia zaidi kwenye majagi ya majirani.