Kamera haiingii maji, lakini inazama

Shemeji yangu alipoteza kamera Mnemba, kisiwa kidogo chenye matumbawe karibu na Unguja, akiwa ameshafika kwenye boti. Karibu saa nzima alikuwa ameishika barabara, anapiga picha samaki, hana wasi wala wasiwasi. Kwenye ngazi akahitaji mikono miwili, wimbi likainua boti, kamera ikamponyoka. Ya kuazima, tena. Nahodha aliyatazama maji, akamtazama yeye, akauliza tu: "Ulifunga kamba?" Hakufunga. Juu ya boksi paliandikwa kwamba kamera haiingii maji, naye akaona yameisha.

Dhana hiyo ndiyo inayoliza watu zaidi. Kuzuia maji ni jambo moja, kuelea ni jambo jingine. GoPro nyingi za miaka hii, zile kamera ndogo za michezo, kwa mfano, zinastahimili kina cha mita 10 bila kasha, lakini ukiiachia inakwenda chini kama jiwe. Na miamba ya matumbawe huwa na ukingo: hapa unaona chini vizuri, mbele kidogo mwamba unateremka kwenye bluu. Ikiangukia upande huo inaweza kupita mita zake 10 hujamaliza hata kugeuka, na mzamiaji akiipata kesho, huenda akakuletea kamera iliyojaa maji ya chumvi.

"Basi nitaivaa shingoni." Nchi kavu sawa. Majini mkanda unalegea, kamera inarukaruka mbele ya kidevu, inagonga miwani, inajizungusha kwenye mrija wa kupumulia. Ukinasa kwenye ngazi au kamba ya nanga wakati wimbi linakuvuta, kamera si tatizo lako tena. Kitu kinachoweza kukukaba kiache kwenye boti.

Mkononi je? Hapo ndipo pazuri, ila wengi hudhani kamba yoyote ya mkononi inatosha. Fanya jaribio hili kabla ya kupanda boti: vaa kamba, lowesha mkono, kunja kidole gumba kiganjani, kisha mwambie mwenzako aivute. Ikipita kwenye fundo za vidole, bahari itaichukua. Kamba nzuri ina kibano cha kuikaza juu ya kifundo cha mkono. Angalia na upande wa pili pia, maana kamba inaweza kuwa imara kabisa lakini imefungwa kwenye fremu ya plastiki ambayo kamera inachomoka kwa kubonyeza tu. Binafsi napenda kamba fupi iliyojikunja kama waya wa simu za zamani, iliyobanwa kwenye kitanzi cha jaketi la kuokolea. Mikono inabaki huru, na kamba haining'inii hadi chini ikanasa kwenye matumbawe.

Kuna wanaoamini boya peke yake. Wananunua mpini unaoelea, wanafunga kamera, wanaruka. Lakini boya lina kiasi cha uzito linachobeba, na lililotengenezwa kwa kamera tupu linaweza kushindwa ukiongeza kasha na taa. Ndoo ya maji ya bomba inatoa jibu. Tumbukiza kila kitu kikiwa kimefungwa kama kitakavyokwenda baharini. Ikielea kwenye ndoo, baharini itaelea vizuri zaidi, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bomba. Chagua rangi ya chungwa au njano. Boya jeusi kwenye mawimbi hulioni hata likiwa mita chache kutoka ulipo. Na kumbuka kamera inayoelea inasafiri. Siku za bamvua, ambapo Unguja maji yanaweza kupanda na kushuka kama mita 4, mkondo hausubiri uvae mapezi. Kwa hiyo boya na kamba, vyote viwili.

Ile mifuko ya plastiki ya simu nayo ina hadithi yake. Juu ya maji inaelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani. Ukipiga mbizi, hewa hiyo inabanwa: kwenye mita 5 inabaki theluthi mbili, kwenye mita 10 nusu. Mfuko uliokuwa unaelea kwa shida huko juu, huko chini unazama. Usijifariji kwa alama ya IP68, ile ya kuzuia vumbi na maji, kwenye simu yenyewe, kwa kuwa kipimo chake hufanywa kwenye maji yasiyo na chumvi yaliyotulia, si kwenye chumvi na mawimbi.

Fimbo ndefu ya selfi haikuongezei usalama wowote. Inakupa kitu cha kugonga matumbawe, na yale ya mviringo kama mawe makubwa hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka.

Turudi kwenye ngazi, kwa sababu kamera nilizoona mimi zikipotea, karibu zote zilipotea hapo. Watu huona kurudi botini ndiyo mwisho wa safari, wanafungua kamba wakiwa bado majini ili wapande vizuri. Ukifika, mpe kwanza aliye juu, na usifungue kamba mpaka uone vidole vyake vimeishika. Halafu mapezi. Halafu wewe. Nahodha akikuharakisha, mwambie asubiri. Bado anamkumbuka shemeji yangu.