Injini ya sataranji ya Kichina si ubao wake

Kuna lalamiko linalojirudia kila mtu anapotaka kuanza sataranji ya Kichina kwenye kompyuta ya nyumbani: "Nimepakua Pikafish, nimeibofya, limefunguka dirisha jeusi lenye mstari mmoja halafu kimya. Programu mbovu." Si mbovu. Imefunguka salama na inasubiri kuandikiwa. Mwenyewe alitaka ubao, akapakua injini, kwa sababu siku hizi neno "injini" linabandikwa kwenye kila kitu chenye kete kwenye skrini.

Injini ni programu inayopewa mpangilio wa kete ikarudisha mwendo. Basi. Haichori kitu, haijui kipanya, haina sauti ya kete ikigonga mbao. Kinachochora ubao, kupokea mbofyo wako, kuendesha saa na kuhifadhi mchezo ni programu ya pili kabisa. Wataalamu wanaiita kiolesura. Mimi nitaiita ubao, maana ndicho unachokiona. Kwenye simu viwili hivi huja vimefungwa pamoja, ndiyo maana wengi hawajui kwamba ni viwili.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, haraka haraka. Ubao una mistari 9 ya wima na 10 ya mlalo, na kete hukaa kwenye makutano ya mistari, vituo 90, si ndani ya vyumba. Kila upande una kete 16: jemadari, walinzi wawili, tembo wawili, farasi wawili, magari ya vita mawili, mizinga miwili na askari watano. Wekundu huanza. Katikati kuna mto ambao tembo havuki, na jemadari na walinzi wake hawatoki nje ya kasri la vituo tisa. Mzinga hutembea kama gari, lakini hauli mpaka uwe na kete moja ya kuruka. Majemadari hawaruhusiwi kutazamana kwenye mstari mmoja bila kete kati yao. Aliyekosa mwendo halali ameshindwa. Hapo hakuna sare kama kwenye sataranji ya Ulaya. Na unapotafuta programu, andika xiangqi, jina la mchezo huu kwa Kichina. Ukiandika "drafti ya Kichina" utaletewa ule ubao wa nyota na gololi, mchezo uliotoka Ujerumani mwaka 1892 na kupewa Uchina wake huko Marekani, kwa ajili ya soko.

Turudi kwenye lile dirisha jeusi, maana tofauti yote iko humo. Andika uci, bonyeza Enter. Injini inajitaja jina, inataja walioitengeneza, inamwaga orodha ya mipangilio yake, na mwisho inaandika uciok. Andika isready, inajibu readyok. Sasa ipe mchezo:

position startpos moves h2e2

Maana yake: anzia mpangilio wa mwanzo, kisha mwekundu ahamishe mzinga wake wa kulia kutoka h2 hadi e2, katikati (herufi ni mstari wa wima, namba ni wa mlalo). Ni ufunguzi maarufu kuliko yote, na mzinga ukifika hapo tayari unamlenga askari mweusi wa kati, kwa kuruka askari wako mwenyewe. Andika go depth 12. Mistari inashuka, kila mmoja na kina chake (hatua ngapi mbele imetazama), makadirio yake ya nani anaongoza na miendo inayodhani itafuata. Mwisho unakuja mstari unaoanza na bestmove, mara nyingi h9g7 au b9c7: farasi mweusi anatoka kumlinda yule askari wa kati. Hapo injini imemaliza kazi yake yote duniani. Haijaonyesha hata kete moja, na haikukusudiwa kuonyesha.

Mgawanyo huu una historia, na ndiyo sehemu ninayoipenda. GNU Chess, programu huria ya sataranji ya Ulaya, ilianza kuandikwa mwaka 1984, na kwa muda mrefu ulicheza nayo kwa maandishi: unaandika mwendo, inaandika wake. Watu wakachoka kuchungulia herufi, wakatengeneza XBoard, programu ya kuchora ubao mbele ya GNU Chess iliyokuwa ikifikiri kwa nyuma. Tim Mann, aliyeitunza XBoard miaka mingi, na wenzake wakaishia kuwa na kitu kikubwa kuliko ubao: utaratibu wa mazungumzo kati ya ubao na injini. Utaratibu ukishaandikwa, injini yoyote inayoufuata inaingia kwenye ubao wowote unaoufuata. Mtu mmoja anaweza kushughulika na kufikiri tu, mwingine na kuchora tu, wala hawajuani.

Mwaka 2000 Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen wakatoa utaratibu mwingine, UCI, wenye falsafa tofauti kidogo: ubao ndio unaokumbuka mchezo, na kila zamu injini inaelezwa upya mpangilio mzima. Ndiyo sababu pale juu tuliandika startpos pamoja na mwendo wake. Wachina wakauchukua UCI, wakaurekebisha kwa ajili ya mchezo wao na kuuita UCCI. Salamu yake ni ucci, jibu lake ni ucciok. Injini huria iliyojulikana sana kwa UCCI ni ElephantEye, na jina hilo si urembo: jicho la tembo ni kile kituo cha katikati ya hatua yake ya mshazari, ambacho kete ikikaa hapo tembo haendi.

Kwa hiyo ukisikia "injini hii haifanyi kazi kwenye programu ile", mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mmoja anasema UCI, mwenzake anasikia UCCI tu. Dawa yake ni mkalimani. H.G. Muller aliandika UCI2WB, programu ndogo inayokaa katikati na kuunganisha injini za UCI na UCCI na ubao wa XBoard, au WinBoard kwa wa Windows.

Hata wakizungumza lugha moja, wanaweza kuhesabu tofauti. Pikafish inahesabu mistari ya mlalo kuanzia 0 hadi 9, kwa hiyo mzinga wetu ulitoka h2. Injini nyingine, Fairy-Stockfish, ikiwa kwenye UCI inahesabu kuanzia 1 hadi 10, na mzinga uleule unatoka h3 kwenda e3. Ukiiandikia h2e2, kwake hicho ni kituo kitupu. Inaupuuza mwendo na kufikiria kana kwamba mchezo haujaanza, bila kukugombeza. Nimeona watu wakitangaza kwamba injini "imechanganyikiwa" kwa sababu ya namba moja. Tena Fairy-Stockfish inacheza michezo mingi, hivyo lazima uitangulize na setoption name UCI_Variant value xiangqi, la sivyo itadhani unataka sataranji ya Ulaya.

Hapo kuna mtego mwingine kwenye upakuaji. Fairy-Stockfish inatolewa kwa aina mbili, na kwa sataranji ya Kichina unahitaji ile yenye neno largeboard kwenye jina la faili. Sababu ni nzuri kuijua. Ubao wa Ulaya una vyumba 64, na kompyuta zetu za kawaida hushika biti 64 kwa mkupuo mmoja, biti moja kwa kila chumba, kwa hiyo waandishi wa injini walijengea kasi yao yote juu ya bahati hiyo. Vituo 90 haviingii kwenye biti 64. Inabidi kutumia 128, na injini yote ipangwe upya kwa ajili hiyo. Ndiyo maana ukiichukua Stockfish ya kawaida, injini ya sataranji ya Ulaya, hata iwe na nguvu namna gani, huwezi kuibadilishia picha za kete ikawa ya Kichina. Pikafish ilitokana na Stockfish, lakini ilibidi watu waishone upya.

Kwa anayeanza, njia fupi ninayoipendekeza kwenye Ubuntu au Debian ni kusakinisha xboard na hoichess. Kifurushi hicho cha pili huja na injini ya sataranji ya Kichina, HoiXiangqi, inayoongea lugha ya XBoard moja kwa moja. Kisha:

xboard -variant xiangqi -fcp hoixiangqi

Angalia amri hiyo ilivyopangwa: kwanza ubao, halafu mchezo, halafu injini, vitu vitatu vilivyotajwa kimoja kimoja. Kwenye Windows, WinBoard pamoja na Fairy-Stockfish ya largeboard inatosha, kwa kuwa injini hiyo inaielewa pia lugha ya WinBoard bila mkalimani. Ina kipimo cha ustadi kutoka -20 hadi 20. Anzia chini kabisa, hakuna aibu, na hakuna anayekuona.

Pikafish iache kwanza. Si kwa ubaya. Ni kali mno kwa mwanafunzi, na ina mambo yake: faili la pili lenye kiishio nnue, ambalo ndilo lenye mtandao wa neva wa kupima mpangilio, lazima liwe karibu nayo, na ndani ya kifurushi kuna nakala kadhaa za injini ileile kwa aina tofauti za prosesa. Kompyuta ya zamani ikipewa nakala ya avx2 au avx512, injini inakufa papo hapo. Chukua ya sse41-popcnt, itakuwa taratibu kidogo lakini itaamka.

Kuna swali moja ambalo jibu lake linategemea kuelewa tofauti hii: nani refa? Mchezaji akimtishia jemadari bila kukoma ili apate sare, sheria zinamkataza, lazima abadilishe. Lakini kumkimbiza farasi au mzinga zamu baada ya zamu ni suala gumu zaidi, na sheria za Asia na sheria za China haziamui kila kesi sawa. Injini ina sheria zake ndani, ubao una zake. Vikitofautiana, injini inaweza kurudia mwendo ikiamini ni halali huku ubao ukiitangaza kuwa imeshindwa, au kukupa ushindi usioutarajia. Anayetangaza matokeo kwenye skrini yako ni ubao. Injini inapendekeza tu.

Basi mtu akikwambia kwa furaha, "Jana nimemfunga XBoard!", mpongeze, halafu mwulize alicheza na injini gani, na kwa kina gani au sekunde ngapi kwa mwendo. XBoard ilichora tu. Kauli iliyo kamili ni hii: nimeifunga HoiXiangqi, sekunde tano kwa mwendo, kwenye ubao wa XBoard. Ni ndefu, lakini mwenzako anayetaka kujaribu atajua apakue nini.