Kabali si ya koo

Jumanne iliyopita kijana mmoja alikuja kwenye ukumbi wetu wa jiujitsu, mchezo wa kukabana na kukunjana viungo, kwa mara ya kwanza. Akakaa kwenye benchi la dirishani, mikono kifuani, akitazama tu. Nilipomaliza kuonyesha kabali ya nyuma akashindwa kujizuia: "Kocha, hii si ndiyo roba ya vibaka?"

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka, maana ana haki. Chalii wa Arusha hafundishwi maana ya kabali. Ama imempata yeye mwenyewe akishuka kwenye kifodi usiku, ama imempata jirani yake, simu na pochi vikaenda. Lakini swali lile ni zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu, kwa hiyo acha nilijibu kwa kirefu.

Kibaka ana haraka, na yeye mwenyewe anaogopa. Anakuja kwa nyuma, analaza mfupa wa mkono juu ya koromeo, anavuta. Kinachobanwa ni njia ya hewa. Utaumia sana, utakohoa, sauti itakukauka, na koromeo likivunjika mtu anaweza kufa. Pamoja na mateso yote hayo, fahamu haipotei upesi, ndiyo maana wengine hufurukuta mpaka wakachomoka.

Kabali ya jiujitsu haina shida na hewa yako. Inatafuta damu. Kulia na kushoto mwa shingo kuna mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Weka vidole chini ya taya utaisikia ikidunda. Nikiwa mgongoni kwako, mkono wangu unazunguka shingo mpaka kiwiko kinakaa sawasawa na kidevu chako. Koromeo linabaki kwenye kona ya kiwiko, haliguswi, huku msuli wa juu ya mkono ukiziba upande mmoja na sehemu ya chini ya mkono ikiziba wa pili. Kiganja kinashika msuli wa mkono wangu mwingine, na huo mwingine unapita nyuma ya kichwa chako. Kisha natanua kifua na kukaza mgongo. Wanaokamua kwa nguvu za mikono huchoka kabla hawajamkaba mtu.

Ikikaa vizuri, mtu anazimia katika sekunde kama 10, mara nyingi chini ya hapo, na huenda muda wote huo anapumua bila taabu. Akiachiwa papo hapo huamka baada ya sekunde chache, akiuliza kwa nini mnamtazama. Asipoachiwa, ubongo unaanza kudhurika.

Sasa hapo ndipo wageni wanapopotea. Kabali nzuri haiumi sana. Mkono ukikunjwa vibaya, maumivu yanakuambia acha ubishi. Kabali haikuambii kitu. Unaona giza linakuja pembeni mwa macho, masikio yanavuma, basi. Kwa hiyo huwezi kusubiri uumie ndipo ugonge. Kugonga ni yale makofi mawili matatu unayompiga mwenzako kumwambia umenipata, achia. Unagonga kwa kujua, na kujua huko ndiko kunakochukua miezi.

Yule kijana aliomba kuingia. Anabeba magunia sokoni Kilombero, kilo 90 na kitu, shingo kama gogo. Kwa kawaida mgeni wiki ya kwanza namfundisha kuanguka na kujikokota kwa nyonga, zoezi ambalo naliita kamba. Namaanisha yule kamba wa baharini anayejikunja na kurudi nyuma, lakini kila mara kuna mtu anaangalia huku na huku akitafuta kamba ya kufungia ng'ombe. Ndiyo taabu ya kufundishia huku mlimani. Anyway, kijana alifanya kamba, akafanya mpaka jasho likalowanisha turubai, nikaona nimpe raundi moja ya dakika tano. Nikampa dada mmoja nesi, mkanda wa bluu, yaani si mgeni tena, kilo 58. Mgeni mwenye nguvu simpi mgeni mwenzake. Huko ndiko mbavu zinakovunjika.

"Dada, nisije nikakuumiza," akamwambia.

"Usijali, mdogo wangu. Njoo."

Alikuja kweli. Dakika ya kwanza alimsukuma, akamlalia, akamkamua kichwa kama anafunga gunia. Dada amelala chali, miguu imemzunguka kiunoni, yaani yuko kwenye gadi, na hafanyi chochote cha ajabu: anashika mkono wa kanzu ya mazoezi, anamzuia bega, anapumua. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari; mwenye pupa huku pumzi humwishia kabla ya nguvu. Kufika dakika ya pili kijana alikuwa anahema mdomo wazi. Akanyoosha mkono ajiinue, dada akauvuta ukapita upande wa pili, akateleza kiunoni, akawa mgongoni.

Mgongo ndio mahali pabaya kuliko pote. Katika sheria za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiujitsu ya Brazili, kumwangusha mtu ni pointi 2, kupita gadi yake 3, kumkalia kifuani 4, na kumshika mgongo kwa miguu yote miwili nako 4. Sababu si ngumu: yeye anakuona, wewe humwoni. Mikono yako yote imeumbwa kufanya kazi mbele.

Kabali ikaingia. Na umeme ukakatika.

Giza totoro. Jozi nne zimo kwenye magodoro, watu wanaanguka, mikono inapiga turubai huku na kule. Nikapiga kelele "Simama!" huku napapasa simu mfukoni. Nilipowasha tochi, kijana alikuwa amekaa, anasugua shingo, mzima. Alikuwa amegonga, lakini aligonga godoro, kama alivyoona kwenye runinga. Katika kelele zile nani angesikia?

Nikamuuliza dada alijuaje kwamba aachie.

"Alikuwa ananivuta mkono kwa nguvu zote, mara akauachia. Mtu anayekabwa hauachii mkono bure."

Nesi huyo. Wengi wangekaza zaidi wakidhani mlango umefunguka. Tangu usiku ule sheria ya ukumbi ni hii: gonga mwili wa mwenzako, asikie kwenye ngozi. Mikono ikibanwa, gonga kwa mguu, au sema "basi!" kwa sauti. Naona aibu kwamba ilibidi taa zizimike ndipo nikaze hili.

Tukakaa kwenye tochi za simu kusubiri umeme, na kijana, ambaye nadhani alikuwa na haya ya kugonga kwa dada, akaniuliza kama mabingwa nao wanagonga. Nikawapa kisa cha Hélio Gracie, wa ukoo wa Gracie wa Brazili. Mchezo huu ulipandwa Brazili na mwanajudo wa Kijapani, Mitsuyo Maeda, aliyefika huko 1914; kina Gracie wakaukuza, hasa mapambano ya chini. Mwaka 1951 Hélio akapambana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo aliyemzidi uzito sana, kwenye Maracanã, uwanja mkubwa wa mpira wa Rio de Janeiro. Kimura akamkunja mkono nyuma ya mgongo. Ukavunjika. Hélio hakugonga, ilibidi Carlos, kaka yake, asalimu amri kwa niaba yake. Mpaka leo mkunjo ule unaitwa kimura, jina la aliyeshinda.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya ushujaa, na sipingi. Ila Hélio alikuwa mbele ya umati wa Maracanã, amebeba jina la ukoo wake. Wewe ni Jumanne usiku, umebeba magunia asubuhi na kesho unabeba tena. Nilimwambia hivyo hivyo. Akatazama mkono wake, akanyamaza.

Alhamisi alirudi, kucha amekata, kanzu ya judo ya mitumba inambana mabega. Tulipiga raundi sita. Aligonga mara 11, zote mwilini, na mara mbili alisema "basi!" kabla kabali haijakaa.